Ku uwanja wa ndege: mupekue mizigo, majina yetu muyaache

Muzee wetu mumoja wa sendika ana chuma ndani ya muguu wa kuume. Jiwe lilimuangukia chini ya udongo, zamani, wakati sisi wengine tulikuwa tungali ku masomo. Waganga walifunga mufupa wake kwa bamba la chuma na misumari, na tangu siku ile chuma hakijatoka. Ku kazi wanajua, ku nyumba wanajua, hakuna mutu anayemuuliza tena. Lakini kila mara tunapopanda ndege pamoja naye mashine inalia, na muzee anapashwa kusimulia muguu wake upya mbele ya watu ambao hawajui hata jina lake.

Safari ya mwisho tulikuwa watu wane, tukienda ku mukutano wa wajumbe wa wafanyakazi wa mine. Uwanja wa ndege hatutautaja, na huduma ya wale waliotupekua hatutaitaja, juu hatutafuti mutu afukuzwe kazi. Sendika inalinda kazi za watu, hata kazi ya yule aliyetutesa. Tulifika saa kumi na moja ya asubui kwa ndege ya saa mbili. (Iliruka saa saba ya muchana, lakini ile ni habari ya siku ingine.)

Mulongo ulikuwa murefu. «Tosha viatu. Tosha mukaba. Tosha saa. Telefone, tia mu kitunga.» Mumoja wetu alikuwa na soksi yenye tundu, kidole kikubwa kinachungulia inje, na mama aliyekuwa nyuma yake akamuuliza: «Papa, bibi yako alienda wapi?» Tukacheka wote, hata yule kijana wa mashine alicheka. Mpaka pale hapakuwa na neno. Mutu aliyezoea mulango wa mine, kutosha viatu hakumusumbui sana.

Kisha muzee akapita, na mashine ikalia.

«Papa, iko nini mu mufuko?»

«Hakuna kitu mu mufuko. Iko chuma mu muguu.»

«Chuma ya nini?»

«Ya mine. Banganga balitiaka, ni zamani.»

«Onyesha.»

Muzee alikuwa na karatasi ya munganga, imekunjwa mara ine ndani ya plastiki, kwa sababu amekwisha kuzoea. Kijana akaifungua na kuisoma kwa sauti, neno kwa neno. Munganga alikuwa ameandika pale habari ya muguu, na chini yake ameandika ugonjwa mwingine ambao hauna maneno na chuma. Mulongo muzima ukausikia. Sisi wenyewe, tunaofanya naye kazi miaka mingi, hatukuwa tunaujua ugonjwa ule. Halafu akamuambia apandishe suruali. Muzee akaipandisha mpaka juu ya goti, na kovu likaonekana, refu, linang'aa. Mutoto mumoja akauliza mama yake kitu, na mama akamugeuza kichwa.

«Sawa muzee, pita. Lakini utuachie ya maji.»

Muzee hakuacha ya maji. Alikaa ku kiti na kufunga viatu vyake polepole sana, kama mutu anayehesabu matundu ya kamba.

Tungeweza kumaliza habari pale, na watu wengi wangesema: pole, ni bahati mbaya ya muzee, chuma ni chuma. Lakini kulikuwa farde.

Ndani ya sanduku letu tulibeba farde ya rangi ya manjano yenye karatasi za mukutano: masahihi ya wafanyakazi, malalamiko yao juu ya saa za ziada, na orodha ya wanamemba wapya wa kampuni moja ambapo sendika ilikuwa ingali changa. Ilikuwa na majina 63. Mashine ilikwisha kupitisha sanduku bila kulia. Lakini mutu mwingine, asiyevaa uniforme, alituita pembeni na kusema: «Fungula.» Tukafungula. Hakugusa nguo, hakugusa kipodozi, hakunusa chupa ya mafuta. Alichukua farde.

«Bano batu ni bakina nani?»

«Ni bamemba ya sendika.»

«Juu ya nini munatembea na majina ya batu?»

Tukamuonyesha barua ya mualiko na ordre de mission yenye muhuri. Akasema atauliza wakubwa wake. Akatosha telefone yake na kupiga foto: ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tulipomuuliza kwa sheria gani, alijibu neno ambalo kila mutu wa inchi hii analijua kwa moyo: «Ni usalama.» Kisha akauliza telefone ya katibu wetu na akataka aifungue. Katibu alikataa. Akaambiwa kwamba ndege itamuacha. Wakati ule tulikuwa hatujui kwamba ndege itachelewa mpaka saa saba, na katibu akafungua. Mutu yule akasoma maneno ya kikundi chetu, akipandisha na kushusha kidole, kwa kadiri ya dakika kumi. Ndani mulikuwa habari za sendika, lakini pia maneno ya katibu na bibi yake, habari ya mutoto mugonjwa, na foto za kilio cha shemeji.

Majuma matatu nyuma ya pale, vijana wawili kati ya wale 63 waliitwa ku biro ya kampuni na kuulizwa nani aliwashauri kuingia sendika. Mumoja alikuwa na mukataba wa miezi sita. Ulipokwisha haukufanywa upya. Hatuwezi kuapa kwamba foto ya pale uwanjani ndiyo iliyofika ku biro ile. Tunasema paka vile mambo yalivyofuatana. Lakini orodha ile ilikuwa ku mikono miwili tu: yetu, na ya mutu mwenye telefone.

Yule kijana wa mukataba tulienda kumuona. Alitupokea vizuri, bibi yake alitupikia bukari na samaki. Hakutulaumu hata kidogo, na ile ilikuwa nzito kuliko lawama. Aliuliza paka hivi: «Munaniandika jina juu munichunge. Sasa namna gani ilitoka?»

Tangu siku ile tunajiuliza swali hili, na ndilo tunalolileta mbele yenu wasomaji: upekuzi wa ndege unatafuta nini? Kama unatafuta kitu kinachoweza kuangusha ndege, mutu anaweza kuvua hata soksi yenye tundu. Kama unatafuta kujua mutu ni nani, anasali na nani, analipa michango wapi, ile si kazi ya mashine ya uwanja wa ndege.

Kwanza tuseme juu ya nini mufanyakazi anapanda ndege, juu kuna wanaofikiri kwamba sendika imekuwa ya matajiri. Mutu wa Lubumbashi aliyeitwa Kinshasa afanye namna gani? Barabara kuu namba moja iko ku karta, lakini muulizeni dereva wa lori wakati wa mvua. Treni inakufikisha Ilebo, na pale unashuka kungojea mashua ya muto Kasai. Ukiwa na mukutano wa juma ijayo, utafika wakati wajumbe wamekwisha kurudi. Kwa ndege ni saa mbili na kitu. Inchi yetu ni kubwa, na ndege imekuwa barabara yake. Mama mwenye biashara anapanda, mugonjwa anapanda, mwanafunzi anapanda kwa feza ambayo jamaa yote ilichanga. Kwa hiyo mutu anapokuambia «kama hautaki kupekuliwa, usipande», anakuambia kwamba usitoke ku kwako. Babu zetu waliyajua maneno yale: wakati wa Wabelgiji mutu mweusi hakuweza kuhama fasi yake bila karatasi ya ruhusa. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 30, inasema mutu anatembea huru ndani ya inchi.

Kabla ya kufika ku mashine, jina lako limekwisha kuandikwa mara mingi. Tulihesabu siku ile: ku mulango, ku meza ya tiketi, ku meza ya Go-Pass, na tena ku daftari moja yenye jalada iliyopasuka, ambayo mutu alikuwa anaiandika kwa bic na kuiacha wazi mbele ya wote. Ile Go-Pass ilianza mwaka 2009, na wakati ule ilikuwa dola 10 kwa safari ya ndani na dola 50 kwa kwenda inje. Walituambia ni kwa kutengeneza viwanja. Pale ambapo feza ile imejenga kitu, tunashukuru. Pazia moja ya kumufunika mutu anayepandisha suruali haingekula feza mingi.

Na karatasi yenyewe unayoionyesha, wengi wetu tunatumia kadi ya muchaguzi. Ina tarehe ya kuzaliwa, fasi unakaa, asili yako mpaka territoire. Unaona mutu anaisoma, anafika ku mustari wa asili, na uso wake unabadilika: ukiwa wa kwao anakuambia «ndugu, pita», usipokuwa wa kwao sanduku linafunguliwa mpaka chini. Hatutazidisha maneno hapa. Watu wa Katanga wanajua mambo haya yalitufikisha wapi.

Sasa, wasitusingizie kwamba tunadharau hatari. Sisi ni watu wa mine. Usalama ni neno letu kabla halijawa neno la mutu mwingine. Tunajua pia namna ndege zinavyoua ndani ya inchi hii. Mwezi wa kwanza 1996, ndege ya mizigo ilishindwa kuruka Kinshasa na kuingia ndani ya soko, ikaua watu mamia waliokuwa wanauza na kununua. Mwaka 2007 ingine iliangukia nyumba za watu kulekule Kinshasa. Mwaka 2008 ilikuwa Goma, mutaa wa Birere. Mwaka 2011 Kisangani, ndani ya mvua. Tangu mwaka 2006 Bulaya wanakataza kampuni za ndege zenye kibali cha inchi yetu kuruka kwao, na sababu wanayoitoa ni uchunguzi mubaya wa ndege zenyewe. Ndani ya misiba ile tuliyoitaja, hakuna hata moja iliyoletwa na bomu la msafiri wala na soksi zake. Ilikuwa mambo ya kuruka na kutua, na uzito, na mvua, na mashine. Tungependa kuona mitambo ya ndege inapekuliwa kwa ukali uleule unaopekua mapochi ya mama zetu.

Kuko msiba mumoja, ni kweli, ambamo muzigo wa msafiri unatajwa. Tarehe 25 mwezi wa nane 2010, ndege ndogo ilianguka karibu na uwanja wa Bandundu, watu 20 wakafa na mumoja akapona. Yule aliyepona alisimulia kwamba msafiri mumoja alificha mamba ndani ya mufuko. Mamba akatoka, watu wakaogopa na kukimbilia mbele wote pamoja, na ndege ikapoteza usawa wake. Ku Lubumbashi watu wanaisimulia na kucheka, mpaka mutu anakumbuka wafu 20. Habari ile inatufundisha kitu: fungueni mifuko! Mamba hana haki ya siri. Lakini kumuona mamba hakuna haja ya kusoma barua.

Hizi sheria za kutosha hiki na kile zilitoka inje, na kila moja ina sababu yake. Mwezi wa kumi na mbili 2001 mutu mumoja ndani ya ndege ya Paris kwenda Miami alijaribu kulipua bomu alilolificha ndani ya kiatu, na tangu pale viatu vikaanza kutoka. Mwaka 2006 Waingereza walikamata watu waliopanga kulipua ndege kwa vitu vya maji ndani ya chupa. Ndipo ikaja sheria ya mililita 100. Krismasi ya 2009 mwingine alikuwa na bomu ndani ya nguo ya ndani, akielekea Detroit, na mashine zinazoona mwili muzima zikaenea. Mwanzoni zile za Marekani zilionyesha mwili kama uchi. Watu walilalamika sana, na mwaka 2013 wakazitosha zile zilizozidi na kubakiza zenye kuonyesha paka picha ya mutu wa kuchorwa. Mwaka 2025 wakaacha hata kuwatosha watu viatu. Angalieni vizuri: kule sheria ilikuja na sababu, raia wakapiga kelele, sheria ikabadilika. Kwetu ilifika sheria peke yake. Sababu haikupanda ndege ile.

Kwa hiyo inakuwa mchezo. Siku ile ile, mbele yetu, mama mumoja alikuwa na chupa ya asali ya pori na chikanda iliyofungwa ndani ya majani, anapelekea binti yake aliyezaa. Chikanda ikapita. Asali ikakataliwa: «Ni maji-maji.» Mama akasema mara ya mwisho ilipita palepale. Wakaongea pembeni, mama akafungua kitambaa, akatosha franka elfu tano, na asali ikapita. Kama asali ile ilikuwa bomu, matabishi yangeizuia vipi kulipuka? Na kama haikuwa bomu, juu ya nini mama alilipa?

Karatasi kubwa za dunia zinasema wazi kazi ni gani. Mukataba wa Chicago wa mwaka 1944 unaongoza mambo ya ndege za raia, na nyongeza yake ya 17 inasema juu ya usalama: silaha, mabomu, vitu vya hatari visiingie ndani ya ndege. Ndivyo. Haisemi kitu juu ya orodha ya wanamemba wa sendika. Ku upande wetu, kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda maisha ya siri ya mutu na maneno yake ya barua na ya telefone, na kifungu cha 38 kinalinda uhuru wa sendika. Tena mwezi wa tatu 2023 serkali ilitia sahihi kanuni ya mambo ya dijitali, yenye kulinda habari za watu. Foto ya majina 63 ndani ya telefone ya mutu, hakuna karatasi inayosema imewekwa wapi wala itafutwa lini. Sheria iko ndani ya kitabu, foto iko ndani ya mufuko wa mutu.

Na mambo yanazidi kuwa makubwa kuliko telefone ya mutu mumoja. Tangu mwezi wa kumi na mbili 2017 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa limeomba inchi zote zikusanye habari za wasafiri ambazo kampuni za ndege zinazo: jina, pasipoti, namba ya telefone, nani alilipa tiketi na kwa njia gani, ulikaa karibu na nani. Wanasema ni kwa kutafuta wauaji. Tunasikia. Lakini mufanyakazi ambaye tiketi yake imelipwa na sendika, habari ile peke yake inatosha kumutaja. Inchi ambayo haijaweza kufunika daftari ya jalada iliyopasuka, itachunga namna gani habari ya wasafiri wote?

Watu wanatuuliza: «Ninyi munataka nini, basi? Muache kupekuliwa?» Hapana. Tunajua kupekuliwa kuliko watu wengi. Mufanyakazi wa mine anapekuliwa kila siku anapotoka, juu wanaogopa aibe shaba ao kobalti ndani ya bote. Tulipoanza, ku kampuni moja ambayo hatutaitaja, mama zetu walikuwa wanapekuliwa na wanaume. Wanaume walitiwa uchi wawili-wawili ndani ya chumba kisicho na mulango. Mukubwa wa walinzi alikuwa akisema neno lilelile: usalama. Tuliandika, tukaketi, tukaandika tena. Kuna mwenzetu aliyesimamishwa kazi juma mbili juu ya jambo lile. Ilichukua zaidi ya miaka mitatu.

Sasa ku mulango ule kuna karatasi ku ukuta, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, inayosema kinachotafutwa na kisichotafutwa. Mama anapekuliwa na mama. Kuko pazia. Kitu kikichukuliwa, mutu anapewa karatasi yenye sahihi. Mwenye chuma mwilini ana kadi ndogo kutoka ku munganga wa kazi, haina jina la ugonjwa, inaonyesha paka fasi ya chuma. Mulinzi anaangalia, anapitisha kifaa chake pale, basi. Muzee wetu ndiye aliyeitunga kadi ile. Na kampuni, tunavyosikia, haikufilisika juu ya pazia.

Basi tumeandika barua kwa wakubwa wa uwanja, tukatuma kopi ku jimbo. Tumeomba mambo yaleyale ya mulango wa mine, tukaongeza moja: karatasi na telefone ya msafiri zisifunguliwe bila amri ya mwanasheria, na foto ya orodha yetu ifutwe mbele yetu. Barua ilipokelewa, tuna muhuri wa mapokezi. Jibu halijafika. Tumerudi mara mbili kuuliza, na mara ya pili yule karani, mutu wa heshima, alitupatia viti na kutuambia kwamba na yeye alipekuliwa telefone mwaka jana, alipokuwa anaenda kuzika mama yake.

Tunamalizia na habari ya safari inayokuja, juu tunaondoka tena mwisho wa mwezi. Orodha ya wanamemba haitatoka tena ndani ya biro. Katibu anajifunza hesabu kwa moyo, wangapi kila fasi, bila majina, anazirudilia jioni kama mutoto wa kelasi ya tatu. Telefone yake mupya haina kikundi, haina foto, ina namba ya bibi yake peke yake. Muzee amenunua viatu visivyo na kamba. Na ile karatasi ya munganga ameipeleka iandikwe upya, fupi, mustari mumoja tu. Yule kijana wa mukataba angali bila kazi. Tunamuchangia kila mwisho wa mwezi, na aliyependa kuongeza kitu anajua biro yetu iko wapi.